Bahasha Yenye Vidole

Bi Taratibu alifika kwenye ofisi ya maji akawakuta wafanyakazi wote wamesimama uani, juani, huku chai yao ikipoa ndani mezani. Jina la Bi Taratibu alibandikwa na askari wenzake kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona anakimbia, naye alilipokea bila kinyongo. Hata asubuhi hiyo, alipopigiwa simu kwamba kuna bahasha imemwaga unga mweupe, alifunga kwanza kamba za viatu, ndipo akatoka.

Siku hizo watu walikuwa wanaziogopa barua. Katika mji mwingine kuna mtu alikuwa ametia vijidudu vya maradhi ndani ya bahasha akazituma maofisini. Makarani waliozifungua walilazwa, na mmoja wao hakurudi nyumbani. Mtumaji hajakamatwa. Tangu hapo kila ofisi kubwa ilipewa bango la maelekezo na maboksi ya glavu, na kila aliyeshika bahasha nene aliiangalia mara mbili.

Langoni, kwenye ukingo wa bustani ya maua, alikaa mama mtu mzima amempakata mtoto mchanga. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekwaruza. Mlinzi alimweleza Bi Taratibu kwamba huyo ni mama mkwe wa karani wa barua, na mtoto ni wa karani. Kila siku saa ya chai bibi humleta mjukuu anyonye, halafu humrudisha nyumbani. Leo wamekuja kama kawaida, na mama wa mtoto ndiye aliyeishika hiyo bahasha. Amefungiwa ndani, hatoki mpaka ijulikane ni unga gani.

Yule mama alimshika Bi Taratibu mkono. "Mwanangu, ukimwona mwambie mtoto kala, kashiba. Asihangaike."

Mtoto akazidi kulia. Bi Taratibu akasema salamu zitafika.

Kwenye korido alikutana na daktari wa timu ya afya, kijana aliyejifunika nguo za kinga toka kichwani hadi miguuni, macho tu ndiyo yanaonekana. Hakuwa na maneno mengi. Sampuli ya unga imeshapelekwa maabara. Karani ameanzishiwa dawa ya tahadhari na hana dalili yoyote. Akienda nyumbani leo au akilala wodi ya kutengwa, hilo litatoka maabara.

"Na mtoto?" Bi Taratibu aliuliza.

"Asimnyonyeshe, wala asimguse. Nimemwambia mwenyewe. Hakubisha hata kidogo, na hilo ndilo limeniumiza."

Chumba cha barua kilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya mbele ilikuwa na meza ya kuchambulia, na pale ukutani kidirisha cha kioo cha kupokelea barua. Nyuma kulikuwa na kachumba kenye sinki, kametenganishwa kwa mlango. Bi Taratibu alichungulia kidirishani bila kugusa kitu. Bahasha ilikuwa peke yake katikati ya meza: ya kaki, imevimba, imezungushiwa selotepu kila upande kama mguu uliovunjika. Kona moja ilikuwa imechanika kidogo, na chini yake palikuwa na unga mweupe, si mwingi, kama wa kushika kwa ncha za vidole. Feni ilikuwa imezimwa. Juu ya rafu palikuwa na boksi la glavu, mdomo wazi, halina kitu. Ukutani bango la maelekezo lilikuwa limebandikwa usawa wa macho, wala halikuwa na vumbi.

Akazunguka nje hadi nyuma ya jengo. Kachumba kale ka sinki kalikuwa na dirisha la kioo kisichofunguka, linatazama uani. Chini ya dirisha, mzee wa chai wa ofisi, anayeitwa Mzee Birika, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alikuwa ameambiwa aende akasimame na wenzake. Alikuwa amejibu kwamba masikio yake ni mabovu, na tangu hapo hakuwa amenyanyuka. Alikuwa akimhadithia karani, kwa sauti ya kupenya kioo, jinsi alivyowahi kutia chumvi kwenye chai ya mkutano mzima wa wakubwa, na wote wakainywa kwa adabu.

Karani alikuwa amesimama nyuma ya kioo, simu mkononi, ngozi ya vidole imekunjamana kwa kunawa. Bi Taratibu alimpigia, wakawa wanazungumza huku wakitazamana. Kabla ya lolote alifikisha salamu: mtoto kala, kashiba.

Karani alitabasamu kidogo. "Mama mkwe wangu anajua kunidanganya vizuri. Yule hashiki chupa hata umwimbie."

Kisha akaeleza kila kitu kwa mpangilio. Mzigo wa posta ulikuja asubuhi kama kawaida. Alipoifikia ile bahasha tu, moyo ulimlipuka, kwa sababu ilikuwa na kila alama iliyoandikwa kwenye bango. Haikuwa na jina la mtumaji. Selotepu ilikuwa nyingi kupita kiasi. Stempu zilikuwa rundo, za zamani, za thamani ndogondogo. Maandishi yalikuwa makubwa kama ya ubao wa darasa, na yalisema: KARANI WA BARUA, AFUNGUE MWENYEWE. Hakuifungua. Hakuinusa wala kuitikisa. Aliiweka chini polepole, na hapo hapo unga ukamwagika kwenye kona. Akazima feni, akaingia kwenye kachumba akafunga mlango, akavua koti la kazi akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akanawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Halafu ndipo alipopiga simu. Daktari alikuwa ameshamwambia Bi Taratibu kwamba hana cha kumsahihisha.

"Ulipoishika, uliona ina nini ndani?"

"Kitu laini." Karani alisita. "Utanicheka."

"Sicheki."

"Niliona kama ina vidole."

Mzee Birika alinyanyuka kwenye ndoo. Akafikiri kidogo, akakaa tena.

"Vigumu au vilegevu?" Bi Taratibu aliuliza, kama anayeuliza habari za viazi.

"Vilegevu. Kama vya mtu aliyelala."

Bi Taratibu alimuuliza mbona alishika barua mikono mitupu. Karani akasema glavu ziliisha, akaomba nyingine, akaambiwa asubiri. Kuhusu maadui, alijaribu kukumbuka kwa dhati, kama mtu anayetafuta funguo, akakosa. Hakuwa amegombana na mtu.

Meneja wa ofisi alikuwa na mawazo tofauti. Alimpokea Bi Taratibu chini ya kivuli cha gari lake, mikono yote miwili imevaa glavu, na kalamu akaishika hivyo hivyo. Kwa maoni yake, bahasha ilikusudiwa kumuua yeye. Karani alikuwa njia tu. Na mtu wa kushukiwa alimjua: fundi mmoja wa mita aliyemfukuza kazi mwaka jana kwa ukaidi, wenyewe walimwita Mita. Siku ya kuondoka alisimama langoni akasema mbele ya watu, "Mtanikumbuka."

"Bahasha imeandikwa afungue karani mwenyewe," Bi Taratibu alimkumbusha. "Anayekutaka wewe angetaka ikufikie wewe."

Meneja akasema wahalifu ni wajanja. Bi Taratibu akamuuliza zile glavu kazipata wapi. Akajibu kwamba boksi la pili alikuwa ameliweka ofisini kwake, kwa ajili ya dharura. Alipokuwa akisema hivyo alivua glavu moja akajifuta jasho la mkono kwenye suruali yake nyeusi. Vidole vyake viliacha michirizi myeupe juu ya goti. Bi Taratibu aliitazama michirizi ile kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu, akashukuru, akaenda kwenye gari.

Mita walimkuta kwenye karakana ya dari, mtaa wa pili. Alitoka nyuma ya rundo la mbao akiwa mweupe nywele, mweupe nyusi, mweupe mikono hadi mabegani, kama mtu aliyeviringishwa kwenye unga. Dereva wa Bi Taratibu alirudi nyuma mpaka akagonga mlango wa gari.

"Ni jipsam, unga wa dari," Mita alisema. "Siumi."

Bi Taratibu alimweleza kilichotokea, bila kumtuhumu, na akamwangalia usoni. Jina la meneja halikumshtua. Lakini aliposikia kwamba aliyefungiwa ni karani wa barua, alitafuta mahali pa kukaa, akakaa juu ya mfuko wa jipsam na vumbi likapanda.

"Yule? Siku niliyofukuzwa watu wote walinikwepa kama nina upele. Yeye ndiye aliyenikusanyia vitu vyangu kwenye boksi, akanisindikiza mpaka barabarani. Na tumbo lake lile la ujauzito." Alijipangusa uso, akazidi kujipaka. "Anaumwa?"

"Bado mzima. Ulisema watakukumbuka."

"Si wamenikumbuka? Mita za ofisi nzima nazijua mimi peke yangu. Juzi tu wamenipigia simu, ile kubwa ya hospitali imegoma. Nimewaambia waigonge kwa nyuma."

Dereva alicheka kabla hajajizuia. Bi Taratibu aliuliza kama karani ana mtu mwingine anayezungumza naye kazini, mbali na wa pale ofisini. Mita hakufikiri hata kidogo. Ana pacha wake, alisema. Si pacha wa kuzaliwa. Ni karani mwenzake wa ofisi ya tawi, mji jirani, mwanamke aliyewahi kuwa mhudumu wa wodi kabla ya kuja kwenye barua. Kila asubuhi hupigiana simu kuhakiki mifuko ya posta, na wakishahakiki hawakati. Hawajawahi kuonana hata siku moja, lakini kila mmoja anajua mpaka jino gani la mwenzake linauma.

"Huwa wanazungumza nini?"

"Watoto. Na vitu vinavyokosekana ofisini. Hivyo viwili haviishi."

Mita alimpa mkono wa kumuaga. Bi Taratibu alipoutoa wake, kiganja kilikuwa cheupe. Alikitazama kiganja, akakikunja, akakikunjua. Akampigia karani palepale karakanani na kumuuliza jambo moja: glavu zilipoisha, alimwambia nani?

"Nilimwomba meneja," karani alisema. "Halafu nikamlalamikia Pacha tu. Kwa nini?"

"Nitakwambia nikiwa na hakika. Endelea kunywa maji."

Alirudi ofisini, na hata sasa hakumwambia dereva aongeze mwendo, ingawa dereva aliongeza mwenyewe. Hakutumia simu yake. Aliomba ile ya mezani kwa mlinzi, yenye namba ya ofisi, akapiga tawini. Simu haikumaliza hata kuita.

"Pacha wangu," sauti ya mwanamke ilisema, imejaa furaha. "Mbona leo umechelewa? Zimefika?"

Bi Taratibu alivuta kiti cha mlinzi akakaa. "Zipi hizo?"

Sauti ikabadilika. "Nani anasema?"

Bi Taratibu alijitambulisha, akamtuliza, akamwachia nafasi aeleze. Yule mama alieleza huku sauti ikishuka. Tawini kwao glavu zilikuwa nyingi kuliko barua. Alimwonea huruma mwenzake anayeshika mamia ya bahasha mikono mitupu, na ana mtoto wa kunyonyesha. Basi alichagua glavu nzito, zile alizokuwa ametumia mara moja moja, akazitengeneza kama walivyofanya wodini zamani, wakati glavu zilikuwa hazitupwi. Alizifua, akazichemsha, akazianika kwenye kamba, akazipaka poda nje na ndani ili zisigandane na ziingie mkononi kirahisi. Poda alitumia ya watoto, yenye harufu nzuri. Alizungusha selotepu ili isivuje. Stempu zilikuwa zake mwenyewe, za kale, za kwenye droo, maana mali ya ofisi haitoki bila sahihi ya bosi, na kwa sababu hiyo hiyo hakuandika jina. Na aliandika afungue mwenyewe kwa kuwa Pacha alikuwa amemwambia boksi la kwanza limeisha na la pili limeenda kwa meneja, na hizi hakutaka ziende huko.

"Hujaliona bango?" Bi Taratibu aliuliza.

"Bango gani?"

Mlinzi, aliyekuwa anasikiliza bila kujificha, alisema bango la tawini lilikuwa bado kwenye trei ya meneja, likisubiri sahihi.

Ndipo Bi Taratibu akamweleza yule mama bahasha yake ilivyopokelewa.

"Nimemfungia mwenzangu ndani," yule mama alisema. "Na mtoto analia, siyo? Nimemsikia hapo tangu ulipopiga."

"Analia. Sasa unisaidie anyamaze. Maneno ya simu mimi hayanitoshi. Niambie kilichomo ndani ya bahasha, kitu ambacho mtu mwingine hawezi kukijua."

"Jozi nne. Nimezifunga kwa utepe mwekundu." Alivuta kamasi. "Nilitaka zifanane na zawadi."

Bi Taratibu aliagiza askari wa mji ule waende tawini, wachukue kopo la poda na wamlete yule mama mwenyewe. Halafu akaenda kwa daktari. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa ndani ya kofia yake ya kinga. Hadithi ni nzuri, alisema, lakini hafungui mlango kwa hadithi.

"Sijaja kukuomba mlango," Bi Taratibu alisema. "Nimekuja kukuomba uifungue bahasha kwa namna yako, utafute utepe mwekundu."

Alisimama kidirishani akatazama. Daktari aliiingiza bahasha ndani ya sanduku lake la kioo, akapitisha mikono kwenye matundu, akaanza kukata selotepu kwa mkasi mdogo. Ilimchukua muda, maana Pacha alikuwa amefunga kwa moyo wake wote. Kwanza ulitoka unga. Halafu kikatoka kidole cha mpira, kimelegea, na kingine, na kingine, kama mkono unaoomba kutolewa. Daktari aliuvuta wote. Kwenye kifundo, umefungwa fundo la kipepeo, ulikuwepo utepe mwekundu.

Daktari alikaa pale akiutazama. Hakucheka, ila mabega yalimtikisika kidogo ndani ya nguo zile nyeupe.

Hata hivyo walisubiri maabara. Bi Taratibu hakumharakisha mtu. Alikwenda dirishani nyuma, akamweleza karani aliyoyajua na ambayo bado hayajulikani, na karani akajiegemeza kwenye sinki akafunika uso kwa kitambaa. Mzee Birika aliuliza sasa amsimulie nini, maana hadithi zimemwishia. Karani akamwambia arudie ile ya chumvi.

Maabara ilipiga simu wakati wafanyakazi uani wameshahama mara tatu kufuata kivuli. Daktari alipokea, akauliza mara mbili, akavua kofia ya kinga. Alikuwa kijana mdogo kuliko walivyodhani, na nywele zimeloa jasho.

"Poda ya watoto," alisema. "Basi."

Karani alitoka amevaa gauni la kuazima. Alipita katikati ya wenzake bila kuona mtu, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo wa maua, akapokea mtoto wake. Mtoto alilia mara moja zaidi, ya kulaumu, halafu akanyamaza. Watu waligeuza macho, kila mmoja akajifanya ana kitu cha kutazama. Mzee Birika alikwenda kuwasha jiko upya. Meneja alivua glavu, akasimama nazo kidogo, kisha akaingia ndani. Aliporudi alikuwa amebeba lile boksi lake la dharura, akalipeleka mwenyewe chumba cha barua. Hakungoja kuambiwa.

Gari la polisi lilipofika, mwanamke mfupi, mnene, aliyefunga kitambaa cha kichwa, alishuka na kopo la poda amelikumbatia kwa mikono miwili. Alisimama hapo akitazama nyuso, asijue ni upi. Akajikohoza.

"Nani hapa..." alianza kusema.

Karani aliinua kichwa kwa ile sauti. Akamtazama toka juu hadi chini, chini ambako hakukuwa mbali.

"Kumbe mfupi hivi," alisema. "Kwenye simu una urefu."

Karani akasogea kwenye ukingo, akampisha mahali pa kukaa, na Pacha akakaa na kopo lake magotini, machozi yakimtiririka bila kelele. Baada ya muda karani akalichukua lile kopo, akasoma maandishi yake, akasema ni aina nzuri, ila safari nyingine alete mkononi.

Bi Taratibu alikuwa bado na kazi. Yule mtumaji wa vijidudu wa mji mwingine alikuwa huko huko, na bahasha zake si za utepe mwekundu. Alichukua bango la tawini kwenye trei, akamsimamia meneja mpaka likatiwa sahihi, akaja kumkabidhi Pacha. Alimwambia alibandike usawa wa macho, na leo lisipite posta.

Alipokuwa akiaga, mama mkwe alimwita kwa mkono asije akamwamsha mtoto. Mjukuu alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, mdomo wazi, maziwa yamemkaukia kidevuni.

"Si nilikwambia, mwanangu?" bibi alinong'ona. "Kala, kashiba."